Kiatu Kwenye Kiti cha Nyuma

Basi la shule lilikuwa na viti ishirini na vinne. Kila asubuhi, kabla hajamchukua mtoto wa kwanza, dereva wake alitembea mpaka kiti cha mwisho kabisa, akavua kiatu cha mguu wa kushoto, akakiacha pale, kisha akarudi kwenye usukani. Klachi aliikanyaga kwa soksi njia nzima, nyumba baada ya nyumba. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Akishawashusha watoto langoni mwa shule hawezi kwenda popote na kiatu kimoja, kwa hiyo lazima arudi nyuma kukifuata, na akirudi nyuma lazima apite viti vyote, na akipita viti vyote atamwona mtoto yeyote aliyebaki amelala. Ujanja huo aliubuni mwenyewe na hakumwambia mtu, maana watu wenye vichwa vilivyotulia hupenda sana kucheka mambo wasiyoyahitaji.

Walimwita Bi Kumbe. Kila baada ya sentensi mbili alikuwa na kumbe yake: kumbe leo Jumatano, kumbe sufuria iko jikoni, kumbe nilikuja dukani kununua chumvi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na katika miaka hiyo alikuwa ameunguza sufuria zisizo na idadi, amepoteza kitambulisho mara tatu, na amewahi kufika harusini kwa mdogo wake siku moja baada ya harusi, akiwa amependeza kupita kiasi. Wifi yake alisema wazi kwamba kichwani hamnazo. Mwalimu wake wa zamani alisema ni uvivu, mama yake akasema ni makusudi. Bi Kumbe alizoea kucheka yeye kwanza kabla wenzake hawajaanza, na kwa kweli alikuwa hodari wa kujicheka.

Lakini kwa watoto wa watu hakuwa na kicheko. Hapo aliogopa, tena aliogopa kila siku ya kazi.

Mtu angeweza kuuliza, kama unajijua hivyo, usukani wa basi la watoto unautakia nini? Jibu lake ni kwamba usukani ndio mahali pekee ambapo kichwa chake kilikaa sawa. Honi mbele, pikipiki ubavuni, watoto wanaimba, mmoja anatapika, taa zinabadilika. Vitu vyote vikimwita kwa pamoja, akili yake ilitulia na kuvishika vyote. Miaka kumi hakuwa amekwaruza hata kioo cha pembeni. Hatari yake ilianza basi likisimama, kelele zikiisha. Hapo ndipo akili ilipoondoka zake bila kuaga.

Kuhesabu alishajaribu. Anafika kumi na tatu, mtoto mmoja anamwonyesha jino linalotikisika, basi hesabu imeyeyuka. Zamani kulikuwa na matroni wa kumsaidia kuwahesabu, lakini matroni aliolewa akahama, na mwalimu mkuu hakutafuta mwingine. Kikabaki kiatu.

Hata kiatu hakikumwondolea hofu. Mwaka ule peke yake, mara tatu alikuwa amekatisha safari zake na kukimbia kurudi kwenye uwanja wa nyuma ya shule ambako basi hulazwa, roho mkononi, akiwa na hakika kwamba amemfungia mtoto. Mara zote tatu basi lilikuwa tupu. Mara ya tatu mwalimu mkuu mwenyewe alitoka kuangalia, akamkuta ameshika tumbo anahema. Hakumfokea. Alisema kwa sauti ya chini kwamba shule haiwezi kuwa na dereva anayewatisha watu, na kwamba akirudia tena ataweka funguo mezani. Tangu siku ile, hofu ikimjia Bi Kumbe aliimeza na kuendelea na safari yake.

Sasa siku yenyewe. Alikuwa na miadi hospitalini saa tatu asubuhi, miadi aliyoisubiri miezi minne. Daktari wa mambo ya akili, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa amemjazisha makaratasi safari ya kwanza, na safari hii angempa majibu. Kulipokucha kulikuwa na manyunyu, madirisha ya basi yakafungwa yote. Njia nzima Bi Kumbe alijisemea, saa tatu, saa tatu, usisahau, saa tatu. Saa moja na nusu aliwashusha watoto, akazunguka nyuma ya shule, akaliegesha basi kwenye kivuli cha ukuta, akatia jiwe chini ya gurudumu la nyuma, akafunga milango, akaondoka kwa miguu. Aliwahi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikaa kwenye benchi la hospitali akiwasubiri watu wengine wafike, na alijisikia vizuri sana.

Daktari alimwita ndani, akamwambia habari aliyoijia. Haukuwa uvivu wala makusudi. Ubongo wake ulikuwa na hali inayoitwa kwa herufi nne, ADHD, ambayo mtu huzaliwa nayo, na utotoni wengi hawaigundui kwa wasichana kwa sababu wasichana hawarushi viti darasani. Umakini wake haukuwa mdogo, ila hakuwa na mlango wa kuufungua na kuufunga apendavyo. Kuna dawa, kuna mafunzo, na kuna watu wazima wengi wanaishi nayo. Bi Kumbe alisikiliza machozi yakimtoka, na hakujua kama analia kwa furaha au kwa hasira ya miaka yote ile.

Daktari alimwachia nafasi, kisha akamuuliza, mpaka leo amewezaje? Mtu hafiki umri huo na kazi kama ile bila mbinu zake.

Hapo Bi Kumbe alichangamka. Akafuta macho, akaweka funguo za basi juu ya meza kuonyesha kwamba hiyo ni milango, akasogeza kalamu zikawa viti, akamweleza habari ya kiatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumweleza mtu. Daktari alivua miwani akasema mbinu amezisikia nyingi lakini hiyo ni ya akili sana.

"Na leo ulikwenda nyuma kukifuata?" aliuliza, kwa furaha tu, kama mtu anayetaka kusikia hadithi iishe vizuri.

"Nilikifuata," alisema Bi Kumbe, akainama kuvitazama viatu vyake. Vyote viwili vilikuwepo miguuni, vimefungwa kamba. Akavitazama. Alijaribu kujiona akitembea katikati ya viti asubuhi ile, akajiona jana, akajiona juzi. Leo hakujiona. Badala yake aliuona mkono mdogo, umeshika kiatu kwa kamba, ukimfikishia pale pale kwenye usukani, langoni mwa shule. Ulikuwa mkono wa Msemaji, msichana wa miaka sita anayejipa kazi ya kusimamia kila kitu, aliyekuwa akikaa kiti cha nyuma kabisa. *Anti Kumbe, nimekuletea, usichoke.* Na yeye alikuwa amemshukuru. Alikuwa amemsifia hata, akamwambia ana roho nzuri, akavaa kiatu, akaendesha.

Alisimama ghafla. Daktari aliona, akauliza kuna nini, na Bi Kumbe akasema kwamba leo hakuna aliyekwenda nyuma.

Simu yake ilikuwa kwenye basi, kwenye kidroo cha mbele, kama kawaida yake. Daktari akampa ya kwake. Namba ya shule ilikuwa imeandikwa ubavuni mwa basi kwa rangi ya buluu, na kila Jumamosi Bi Kumbe aliisugua kwa mkono wake mwenyewe kwa sabuni na kitambaa; hakukumbuka hata tarakimu moja. Daktari alisema ngoja niitafute. Bi Kumbe hakungoja. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Nje manyunyu yalikuwa yamekwisha zamani. Jua lilikuwa limetoka, lile jua la baada ya mvua lisilo na huruma, na lami ilikuwa inafuka mvuke. Alipanda pikipiki ya kukodi akamwambia kijana akimbie, na kijana akakimbia, na bado ilikuwa polepole. Alikifikiria kile kivuli cha ukuta. Kivuli kile huwa kinafika mpaka saa mbili, baada ya hapo jua hulipiga basi kuanzia mbele mpaka nyuma. Yeye mwenyewe mchana akifungua mlango husimama kando kwanza joto litoke, maana likikupiga usoni linakukata pumzi.

Na humo humo katikati ya woga, sauti nyingine ikaanza kumsemesha. Mbona mara tatu hukukuta kitu? Mbona mara zote ulikuwa na hakika kama hivi? Utafika pale unahema, mlinzi atacheka, mwalimu mkuu atatoka, na utaondoka bila kazi wiki ile ile uliyoambiwa una ugonjwa. Rudi hospitalini ukamalize miadi yako. Sauti ilikuwa na maneno ya kuridhisha kabisa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba angeweza kuikubali. Mwezi uliopita aliikubali mara mbili. Akamshika kijana wa pikipiki bega akamwambia aongeze.

Mlinzi wa uwanja wa nyuma alikuwa mzee mpole mwenye redio. Alimwona anakuja mbio akatikisa kichwa, akapunguza sauti ya redio.

"Bi Kumbe, mwanangu. Hii mara ya nne sasa."

Alimjibu kwamba safari hii ni kweli. Mzee akasema hata zile tatu zilikuwa kweli, na kwamba yeye amepita pale mara mbili tangu asubuhi na hakuona kitu. Hakika asingeweza kuona. Vioo vilikuwa vimebandikwa karatasi nyeusi ya kuzuia jua, hata ukiweka pua huoni ndani. Bi Kumbe alifungua mkoba kutafuta funguo. Akaumwaga mkoba wote chini, kitana, tishu, risiti, kadi ya hospitali. Ndipo alipoziona funguo pale zilipo, juu ya meza ya daktari, karibu na kalamu alizozifanya viti.

Alipiga bati kwa viganja viwili, akaita. Bati lilikuwa la moto. Ndani kimya.

Mzee alisema kuna ufunguo wa akiba ofisini, mwalimu mkuu ana kikao na wazazi, amsubiri kidogo akauombe. Akamshika mkono kwa upole. Kimya kile kilikuwa na maana mbili, na Bi Kumbe alizijua zote mbili. Basi tupu halijibu, na mtoto asiyeweza tena kujibu hajibu. Alijitoa mkononi mwa mzee, akachutama, akalivuta lile jiwe chini ya gurudumu, akalipiga dirisha la tatu. Kioo hakikuvunjika. Akapiga tena. Mara ya tatu kikamwagika chote ndani, na joto likatoka likampiga usoni pamoja na harufu ya plastiki na mkojo.

Aliingia kwa dirisha, akajikata kiganja, hakusikia. Kiti cha kwanza hakuna. Cha pili hakuna. Alikwenda akiinama, akishika kila kiti. Kwenye mstari wa nne, sakafuni, katikati ya viti, alikuwa amelala mtoto mmoja wa darasa la awali waliyemwita Sisimizi kwa sababu begi lake lilikuwa kubwa kuliko yeye. Alikuwa ameuvua mkono mmoja wa sweta, wa pili ukamshinda. Nywele zilikuwa zimelowa chapa. Macho yalikuwa nusu wazi.

Alipombeba alikuwa mzito na wa moto. Alimpitisha dirishani kwa mzee, na mzee alimpokea, akakimbia naye kivulini. Walimmwagia maji ya bomba kichwani na kifuani. Bi Kumbe alimwita jina lake la nyumbani, akamwita tena, na kwa muda ambao hakuna saa ingeweza kuupima hakukuwa na kitu. Kisha mtoto akakunja uso. Akafungua mdomo kulia, ikatoka pumzi tu. Sauti ilikuwa imekwisha.

Muuguzi wa shule alikuja, akampima, akamnywesha maji yenye sukari na chumvi kidogo kidogo, akampima tena. Aliita daktari wa zahanati ya jirani naye akampima. Mpaka saa sita joto lilikuwa limeshuka na mtoto anataka biskuti. Mwalimu wake alisema alidhani anaumwa, kwani wiki ile nusu ya darasa walikuwa na kikohozi, akaweka alama ya kutokuwepo na kuendelea na somo. Aliyasema hayo akiutazama mlango, kisha akarudi darasani.

Mwalimu mkuu alimwita Bi Kumbe ofisini, akafunga mlango, akakaa. Jasho lilikuwa limemtoka kwapani. Bi Kumbe alikuwa tayari kufukuzwa. Alitamani hata afukuzwe. Ila mwalimu mkuu alianza kuongea habari ya dirisha. Dirisha, alisema, tutasema ni mpira wa watoto. Mtoto mzima, anakula, daktari amemwona. Mama yake aambiwe alichoka akapumzika kwa muuguzi, na hilo si uongo, kwa kuwa kwa muuguzi amepumzika. Akaongeza kwamba jambo likitoka nje, kitu cha kwanza watakachouliza ni matroni yuko wapi.

"Na leo jioni nani atawarudisha watoto? Sina dereva mwingine," alisema. "Nenda kanywe maji. Usiniambie habari ya kuacha kazi leo."

Bi Kumbe alimtazama, akaona kwamba na yeye anaogopa, tena anaogopa kwa ajili ya kitu kingine.  Alikwenda kubandika boksi kwenye dirisha.

Jioni aliendesha kwa ufunguo wa akiba, kiganja kimefungwa bandeji. Alimkalisha Sisimizi kiti cha mbele kabisa, nyuma yake, na kila alipofika kwenye taa aligeuka kumtazama. Nyumba yao ilikuwa ya nane njiani. Mama yake alikuwa fundi wa nguo anayeshonea nyumbani, akatoka na utepe wa kupimia shingoni na pini mdomoni, akazitoa pini, akamshukuru Bi Kumbe kama alivyomshukuru kila siku. Akaiona bandeji akampa pole. Akauliza mbona mtoto kanywea leo.

Maneno ya mwalimu mkuu yalikuwa yamekaa tayari ulimini. Yangetoka yenyewe, kama angeyaacha. Bi Kumbe alishika mlango wa basi.

"Mama, leo nilimsahau mwanao ndani ya basi. Nilifunga milango nikaenda zangu. Amekaa humo tangu saa moja na nusu mpaka saa tatu na nusu, peke yake, na jua lilikuwa kali."

Mama alitabasamu kwanza, kwa sababu Bi Kumbe alijulikana kwa vichekesho. Kisha tabasamu likaondoka kidogo kidogo. Alipiga magoti hapo barabarani, akamshika mtoto kichwa, akamshika shingo, akamfungua shati akamtazama kifua, akamnusa nywele. Alifanya hivyo polepole. Bi Kumbe alisubiri matusi, na angeyapokea yote. Mama alipoinua uso alikuwa na swali moja tu.

"Alilia?"

Angeweza kusema hajui. Hakuwepo, hakuna aliyekuwepo.

"Alilia," alisema Bi Kumbe. "Mpaka sauti ikamwisha."

Mama alimbeba mtoto akaingia naye ndani. Mlango ulifungwa, kisha komeo, kisha kufuli. Bi Kumbe alisimama pale mpaka aliposikia mtoto mwingine kwenye basi anauliza kama wanakwenda au hawaendi.

Walikuwa wamebaki tisa. Alipanda, akakaa, akawasha injini. Akaizima. Alisimama akatembea mpaka nyuma akigusa kila kiti kwa mkono wenye bandeji, akarudi, akakaa. Akainuka akaenda tena. Safari ya tatu watoto walianza kucheka, wakidhani ni mchezo, na wawili wakajificha chini ya viti ili awatafute. Alipowakosa machoni alianza kuinama chini ya kila kiti, mpaka walipochomoza vichwa.

"Anti Kumbe, unatafuta nini?" aliuliza Msemaji.

"Nawatafuta nyinyi."

"Si tuko hapa?"

"Najua," alisema, akarudi mbele, akaanza tena kutoka kiti cha kwanza.